Wale wasiokuwa na kaburi

Maneno ya sekretere wa chama mbele ya mkutano mkuu, Bukavu, mwezi wa tano 2024

 

Komite iliniomba niseme juu ya kazi yetu kisha ya mafuriko ya Kalehe, juu mwaka mmoja umetimia. Hesabu ya unga, ya blanketi na ya manjanja mweka sanduku ataisoma kisha yangu. Mimi ninaomba nizungumze juu ya watu ambao hawamo ndani ya hesabu ile. Ni wale waliopotea. Mpaka leo hawako kwenye orodha ya wafu, na hawako pia kwenye orodha ya wazima.

Sisi wa hapa tunajua vile ilipita, lakini wafadhili wetu wengine hawakuwa hapa, basi nikumbushe kwa ufupi. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa tano 2023. Nyamukubi na Bushushu ni vijiji vya teritware ya Kalehe, sheferi ya Buhavu, kando ya ziwa Kivu, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Goma. Nyuma yao milima imesimama, mbele yao ni maji ya ziwa, na katikati ni kipande chembamba cha ardhi ambamo mito inashuka. Watu wamejenga pale juu pale ndipo soko iko, ndipo barabara inapita, ndipo mtumbwi unaegesha. Juu kwenye milima miti imekatwa, shamba zimepanda mpaka kwenye mteremko. Mvua kubwa ilipoanguka, mito haikuleta maji peke yake. Ilileta udongo, miti, na mawe makubwa kama nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 mvua ya wiki ileile ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 130 ngambo, kule Rwanda. Kwetu ikafika Alhamisi.

Na Alhamisi ni siku ya soko ya Nyamukubi. Ninaomba mushike neno hili, juu ndilo shina la yote nitakayosema.

Waliohesabiwa kuwa wamekufa walipita 400. Waliotajwa kuwa wamepotea walikuwa kwa maelfu. Vijana wa Croix-Rouge na wenyeji walizika kwa mikono yao, wengi katika kaburi moja, wengine wakiwa wamefunikwa na blanketi tu, juu mwili hauwezi kungoja na pale hakukuwa mahali pa kuuweka. Jumatatu tarehe 8 serikali iliweka siku ya kilio kwa inchi nzima. Waganga walitumwa, na kati yao timu ya fondasyo ya daktari Mukwege kutoka hapa Panzi. Wengine walileta chakula. Sisi pia tulienda, na kile tulichoweza tulikitoa. Siku zile tulisikia pia habari ya watoto wachanga wawili waliookotwa wazima juu ya maji ya ziwa. Watu walimshukuru Mungu, na walifanya vizuri. Lakini mimi nilijiuliza: mtoto mchanga hawezi kusema jina lake. Nani atamsemea ni wa nani?

Sasa nirudie neno la soko. Msaada unapofika kijijini, orodha inaandikwa kwa nyumba. Chefu wa kijiji anapita na watu wenye daftari: nyumba hii ilikuwa na watu wangapi, wamebaki wangapi. Ni kazi ya lazima, siilaumu. Lakini soko haina nyumba. Mwenye kutoka Idjwi na mananasi, mwenye kushuka kutoka milimani na ndizi na kuku, mwenye kutoka Bukavu na chumvi, sabuni, vikwembe: huyo hana mlango pale wa kugonga. Alifika asubuhi, alipanga kurudi jioni. Kama maji yalimpeleka ziwani, ao kama yuko chini ya mawe, jirani wa Nyamukubi hawezi kumtaja, juu hamjui. Na jirani wake wa Bukavu hakuwa pale.

Si mara ya kwanza. Mwezi wa ine 2019 mtumbwi ulizama ziwani upande wa Kalehe. Rais wa inchi mwenyewe alitaja watu wapatao 150 ambao hawakujulikana walipo. Mtumbwi ukijazwa bila kuandika nani amepanda, kisha ya ajali mnabaki kukisia. Inchi yetu haijahesabu watu wake wote tangu 1984. Hata mvua yenyewe haikupimwa. Wataalamu wa World Weather Attribution walijaribu kuchunguza kama mabadiliko ya hali ya hewa yaliongeza nguvu ya mvua ile ya Kalehe na Rwanda. Mwezi wa sita 2023 walitoa ripoti na kusema hawawezi kujibu kwa uhakika, juu vipimo vya mvua vya pande zetu havitoshi. Basi hatukuhesabu mvua, hatukuhesabu wasafiri, na kisha tunashangaa kwamba hatujui waliokufa.

Wandugu, kama kuna watu wanaopaswa kulielewa jambo hili, ni sisi. Hiki ni chama cha waliorudi. Wengine wenu walitoka Nyarugusu kule Kigoma, wengine Burundi, wengine Uganda, wengine walikuwa porini tu na vilima. Nani hapa hakusimama mbele ya ubao wa kambi akitafuta jina? Nani hakungoja ile barua ya Croix-Rouge, karatasi ndogo ya habari za familia peke yake, ikipita mkono kwa mkono mpaka ifike? Kuna wenzetu waliorudi wakakuta kilio chao kilikwisha kufanywa, parseli imeuzwa, bibi ameolewa. Kuna wengine tuliowangoja miaka mingi, kumbe walikufa wiki ya kwanza ya vita ya 1996. Tunajua ubaya wa kumzika mtu mzima, na tunajua pia ubaya wa kumngoja mfu.

Lakini mwaka jana, sisi wenyewe tunaojua haya, tulikosa. Na aliyekosa wa kwanza ni mimi.

Kuna mama mumoja wa chama chetu. Ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Bwana yake alikuwa mwanachama kama yeye. Mwezi wa ine 2023 alichukua mkopo katika sanduku yetu ya kijani, akanunua bidhaa, na Jumatano jioni, tarehe 3, alipanda mtumbwi hapa Bukavu kwenda soko ya Nyamukubi. Asubuhi ya Alhamisi alipiga simu akasema amefika, soko imejaa. Kisha pale simu haikuita tena. Mama alienda mwenyewe kule Jumamosi, akafunua blanketi moja moja mpaka akashindwa kusimama. Hakumuona. Mwenzake wa biashara aliyeokoka alimwambia: tulikuwa naye wakati mto ulipolia, mimi nilikimbilia juu, yeye alirudi kuchukua mzigo.

Mzigo ule ulikuwa wa mkopo wetu. Ninalisema ili tulijue, si kwa kumlaumu mtu.

Mwezi wa sita tuligawa msaada. Masharti niliyaandika mimi: apewe aliyepoteza nyumba, na nyumba iwe Nyamukubi ao Bushushu. Mama alikuja akapanga mstari. Nilimwambia, "Mama, weye unakaa hapa Bukavu, nyumba yako inasimama." Hakubisha. Alitoka kwenye mstari. Mimi nikaendelea na mwenye kumfuata.

Hiyo ingekuwa kosa ndogo kama ingeishia pale. Sikilizeni vile mwaka wake ulipita.

Parseli wanamokaa imeandikwa kwa jina la bwana. Shemeji zake walikuja. Mumoja alisema ndugu yao hajafa, kwa hiyo mwanamke asiguse kitu mpaka arudi. Mwingine alisema amekufa, kwa hiyo parseli irudi kwa familia. Walikuwa nyumba moja, siku moja, na hawakuona kwamba maneno yao yanapingana. Mama alienda kwenye ofisi kuuliza. Ofisi moja ilimuomba hati ya kifo. Nyingine ilimwambia hati ya kifo haitoki bila mwili ao bila karatasi ya hospitali. Karata ya uchaguzi ya bwana, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho chetu, ilikuwa mfukoni mwake, ikaenda naye. Shuleni walimuuliza nani atatia sahihi ya baba.

Na sisi? Kanuni yetu inasema: mwanachama akifariki, deni lake linalipwa na sanduku nyekundu, familia ikionyesha hati ya kifo. Mama hana hati. Basi kwenye daftari yetu bwana yake si mfu, ni mwanachama aliyechelewa kulipa. Riba iliandikwa mwezi wa sita. Ikaandikwa mwezi wa saba. Imeandikwa kila mwezi mpaka mwezi uliopita. Mweka sanduku hakufanya vibaya, alifuata kanuni. Mimi ndiye ninayetia sahihi chini ya ukurasa, na nilitia mara kumi na moja bila kusoma jina vizuri. Mara ya kumi na mbili ndipo nililiona.

Nilienda kwake. Nilitaka kumuomba radhi, nikakosa pa kuanzia. Yeye ndiye alinisaidia. Alisema: "Sekretere, miye siwezi sema niko mujane, juu sikumuzika. Siwezi sema niko na bwana, juu hayuko. Nyinyi muniambie tu mumeniandika wapi."

Ndiyo maana ninasema leo. Tulijibu njaa na baridi, na ilikuwa lazima. Lakini swali la mama huyu hatukulijibu.

Nimeuliza watu wa sheria. Njia iko. Kodi ya familia, sheria ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 iliyorekebishwa 2016, inajua jambo la mtu aliyepotea katika hatari ya kifo na mwili wake haukuonekana. Tribinali inaweza kusikiliza mashahidi na kutamka kwamba amekufa, na hukumu ile inashika nafasi ya hati ya kifo. Na kama Mungu akimrudisha mtu, hukumu inaweza kufutwa. Kisha ya hukumu, urithi unafunguka, na hapo sheria haiwape shemeji nafasi ya kwanza. Watoto ndio warithi wa kwanza, wanapata robo tatu. Mjane ana haki yake, na ana haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba. Mambo haya yameandikwa. Lakini pasipo karatasi ya kwanza, zingine zote zinabaki zimefungwa.

Shida ni kwamba njia ile inaomba feza na miguu. Mashahidi wanapaswa kutoka Kalehe kuja, kula, kulala, kurudi. Kuna karatasi za kulipia. Mama mwenye kuuza makala kwa rundo hawezi. Na kila mwezi unaopita, mashahidi wanahama, wanasahau, nao wanakufa.

Ndiyo maana komite inaleta mbele yenu mambo ine.

La kwanza, kanuni. Tunaomba muondoe riba yote iliyoandikwa kwa mwanachama yeyote aliyepotea tarehe 4 mwezi wa tano 2023, tangu siku ile. Na kanuni ya hati ya kifo iongezwe maneno haya: ao ushuhuda wa watu wawili waliokuwa naye, ulioandikwa na kutiwa sahihi, mpaka hukumu itoke. Ninajua swali litakalokuja: na mtu akikimbia deni, akajifanya amepotea? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba hatuzungumzi juu ya mtu aliyepotea siku yoyote. Tunazungumza juu ya msiba unaojulikana, tarehe inayojulikana, mahali panapojulikana, na mashahidi wenye majina.

La pili, sanduku. Wageni wetu wafahamu kwamba mutuelle yetu ina sanduku tatu. Ya kijani ni akiba na mikopo. Nyekundu ni ya ugonjwa na kilio. Ya bluu ni feza inayotoka nje, ndiyo yenu. Tunaomba sehemu ya nyekundu, na kwa ruhusa yenu sehemu ya bluu, ilipe safari za mashahidi na gharama za tribinali kwa familia za wanachama, tukianza na wale wenye watoto wadogo. Tutauliza pia kama familia nyingi zinaweza kwenda pamoja na shahidi mumoja, ili gharama ipungue. Rafiki zetu, ninajua kwamba picha ya blanketi inaonekana, na picha ya karatasi ya tribinali haionekani. Mutoaji anapenda kuona mtoto amevaa. Lakini mtoto akifukuzwa kwenye parseli ya baba yake juu ya kukosa karatasi moja, blanketi mulilompa ataenda nalo barabarani. Kule Thailand, kisha ya tsunami ya tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2004, wataalamu wa inchi nyingi walikaa muda mrefu wakitafuta majina ya maiti kwa meno, kwa alama za vidole, kwa damu ya ndugu. Waliona ni kazi inayostahili feza. Sisi hatuna maabara. Tunachoomba ni nauli ya mashahidi.

La tatu, daftari. Kila mwanachama anayefanya biashara ya kusafiri aache kwetu kopi ya karata yake ya uchaguzi, majina yote kama yanavyoandikwa, na namba za watu wawili wa kuita. Na kabla ya kupanda mtumbwi ao gari, atume ujumbe kwa mkubwa wa kikundi chake: ninaenda wapi, na nani, ninarudi siku gani. Ni maneno kumi tu. Wengine watasema tunataka kuchunguza maisha ya watu. Daftari itakaa imefungwa, na haitafunguliwa isipokuwa mtu hakurudi. Mvua itarudi, na milima ya Kalehe haijapona. Watu wanaendelea kujenga palepale, juu hawana pengine, na soko ya Alhamisi imerudia kazi yake. Hatuwezi kuzuia mto. Lakini mwenzetu akitoka, mtu mumoja anaweza kujua kwamba ametoka.

La ine ni gumu zaidi kwangu kulisema. Familia hizi hazikufanya kilio. Kwetu mtu akifa tunakaa chini, tunalala nje kwa moto, majirani wanaleta kuni na sukari, na siku ya mwisho tunajua kwamba imekwisha. Hawa, majirani walikuja siku mbili, wakaona hakuna mwili, wakasema tutarudi habari ikijulikana. Hawajarudi. Komite inapendekeza siku moja tukae pamoja, na majina yasomwe. Lakini hatutamlazimisha mtu. Kuna mama aliyeniambia kwamba kutia sahihi hati ya kifo ni kama kumuua bwana mara ya pili. Mwenye kungoja bado, tungoje naye. Jina lake litasomwa kama la mtu tunayemtafuta. Sisi tuliorudi hatuwezi kumwambia mtu kwamba haruhusiwi kungoja. Tulingojewa.

Najua sanduku ni ndogo. Najua kuna familia ambazo tangu mwaka jana zinalala chini ya mashitu, na ambao wataona kwamba tunalipia wafu wakati wazima wanalowa. Nimeliwaza sana. Jibu langu ni kwamba karatasi hizi si za wafu. Mfu hana shida na parseli, wala na riba, wala na sahihi ya shule. Mwenye kuzihitaji ni aliyebaki.

Yule mama yuko katika chumba hiki, amekaa na wenzake. Aliniuliza tulimwandika wapi. Ninaomba leo tumjibu kwa kuinua mikono.

Prezida, ninarudisha neno kwako. 

Neno la komite: Kisha ya mazungumzo ya saa mbili, wanachama walipokea jambo la kwanza bila kupingwa, na riba zote zilifutwa siku ileile. Jambo la pili lilipokelewa kwa upande wa sanduku nyekundu. Kwa sanduku ya bluu tunangoja jibu la wafadhili. Jambo la tatu litajaribiwa na vikundi viwili vya wafanyabiashara kwanza. Juu ya jambo la ine, mkutano uliomba kwamba familia zenyewe ziulizwe, moja moja, nyumbani kwao.